Mkoba wa Kamera

Ikiwa umepata kushika kamera, msomaji, hata kama ni ya kuazima, nadhani umekwisha kujiuliza swali lililonishughulisha mimi wiki nyingi kabla ya likizo moja ya Agosti: nichukue nini, na niache nini? Watu wengi hulijibu swali hili kwa fedha. Hununua kila wawezacho, kisha hukitia chote mkobani. Mimi nami nililijibu hivyo, na ningependa kukusimulia nilivyolilipia jibu langu.

Nilikuwa nimeweka akiba ya mshahara wa ualimu kwa muda wa zaidi ya mwaka. Nilinunua kamera iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, na lenzi tatu. Yafaa ujue kwamba lenzi hupimwa kwa milimita. Katika kamera kama yangu, ile ya 24 huona pana, kama mtu asimamaye kilimani. Ya 50 huona karibu kama tuonavyo sisi kwa macho. Na ya 400 humvuta mnyama wa mbali akawa kama yu mbele ya pua yako. Lakini hiyo ya 400 ina madai yake. Ni nzito, ni ghali, na mkono ukitetemeka kidogo tu picha huharibika, kwa hiyo hudai pia miguu mitatu ya kuisimamishia. Mwenye duka alinihakikishia kwamba asiye na lenzi kama ile hajasafiri. Nilimsadiki. Nilipoupima mkoba wangu kwenye mizani ya muuza viazi, ulifika kilo 8.

Kivukoni Likoni nilisukumwa huku na huku, nimeukumbatia mkoba kama mama mwenye mtoto mgonjwa. Na ndani ya matatu ya Kwale utingo alinitoza nauli ya watu wawili, mimi na mkoba. Sikuwa na hoja ya kumpinga, maana mkoba ulikuwa umekaa kitini vizuri kuliko mimi.

Sitaki kuidhulumu lenzi ile. Katika hifadhi ya Shimba Hills, iliyotangazwa mwaka 1968, wako palahala, ambao katika Kenya nzima hawaishi porini mahali pengine. Dume mmoja mweusi alisimama ukingoni mwa msitu, pembe zake zimepinda nyuma kama majambia mawili, na kwa lenzi nyingine asingalikuwa ila doa jeusi majanini. Picha yake imetundikwa katika chumba cha walimu shuleni kwetu. Wageni hudhani ni ya kalenda.

Kutoka Kwale niliteremka hadi Diani kwa rafiki yangu, na huko ndiko mkoba ulikoanza kunionyesha tabia yake. Chumba nilichopewa kilikuwa na mashine ya ubaridi. Alfajiri nilitoka nje kulipiga picha jua likichomoza, na papo hapo kioo cha lenzi kikafunikwa na ukungu, kama kioo cha kujitazamia ukikipulizia pumzi. Nilikifuta, ukarudi. Kumbe hewa ya pwani imejaa mvuke, na mvuke ukigusa kitu baridi hugeuka maji. Dawa yake ni kuiacha kamera ndani ya mkoba uliofungwa mpaka ipate joto la nje polepole. Lakini jua halikuningoja. Jambo jingine nililojifunza ni kwamba ufuo wa Diani hutazama mashariki. Asubuhi jua huwa mbele yako, na ngalawa na wavuvi huonekana kama vivuli vyeusi. Alasiri jua hutoka nyuma ya minazi, bahari ikapata rangi zake zote, na nyuso za watu zikaonekana.

Siku ileile, kando ya barabara, niliona mbega wakivuka juu ya magari kwa madaraja ya kamba ambayo watu wa uhifadhi wameyafunga mitini wasije wakagongwa. Jike mmoja alikuwa amempakata mtoto, na mtoto wa mbega huzaliwa mweupe pepe, si kama mamaye. Lenzi iliyokuwa kwenye kamera ilikuwa ile pana. Nikafungua mkoba, nikaivua, nikatafuta nyingine, nikaivika. Nilipoinua macho kamba ilikuwa tupu, ikiningʼinia. Zaidi ya hayo, upepo wa kusi ulikuwa umekwisha kuingiza vumbi la mchanga ndani ya kamera nilipoiacha wazi, na tangu hapo kila picha ya mbingu ilikuwa na madoa matatu upande wa kushoto.

Siku ya nne bega langu lilikuwa na alama nyekundu ya mkanda. Ndipo nilipokwenda Msambweni kumwamkia nyanya yangu mzaa mama, na kwa kuwa nilikuwa nimechoka, mkoba niliuacha Diani.

Nilimkuta ameketi mkekani karibu na mlango, anasuka ukili. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanitazama mikono.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo nyanya wa kwetu wanavyowatania wajukuu, "nimesikia umenunua kamera. Iko wapi? Nataka picha yangu."

Kabla sijajibu alikuwa ameinuka. Alirudi amejifunga leso mpya, ile ambayo alikuwa akiiweka kwa ajili ya arusi, akaketi palepale, akaiweka mikono yake juu ya magoti. Nuru ya alasiri iliingia mlangoni ikamwangukia upande mmoja wa uso. Msomaji, nimepiga picha maelfu, na sijaona nuru nyingine kama ile.

Utaniuliza, na simu je? Betri yake ilikuwa imekwisha tangu Ukunda, na umeme wa mtaa ulikuwa umekatika. Nikamwambia kwamba kamera ni nzito, nimeiacha, nitakuja nayo kesho.

"Nzito?" akauliza, akacheka. "Basi kesho."

Kesho yake ilikuwa bamvua. Maji ya Diani yalikuwa yatapwa mpaka mwambani, na mimi nilitaka picha za mwamba. Nilijiambia kwamba Desemba si mbali. Nyanya alizikwa Novemba.

Lenzi ya 400 nimeiuza. Nikisafiri sasa huchukua kamera moja ndogo na lenzi moja ya milimita 35, betri mbili za akiba, kitambaa cha kufutia chumvi, na mfuko wa plastiki wa kujikinga na mvua; vyote pamoja havifiki kilo moja, na hukaa shingoni mwangu hata nikienda dukani. Palahala sitampata tena kwa kifaa hiki, najua.

Desemba ile nilikwenda Msambweni. Shangazi yangu alinionyesha bunda la ukili ambalo nyanya hakulimaliza, limetundikwa kwenye msumari karibu na mlango, na leso imekunjwa juu ya sanduku. Nilingoja mpaka saa 10 alasiri, jua lilipofika pale mkekani, nikavipiga picha.