SWILA WA ZIWA TANGANYIKA

Ukitoka Ujiji, ukapita Kigoma mjini na kwenda kaskazini hadi Gombe, utaona mwambao wa mawe na maji maangavu. Wageni huzamia huko wakiwa na mitungi ya hewa mgongoni. Baharini mzamiaji hujihadhari na papa. Ziwani hakuna papa, lakini yuko swila wa maji.

Swila ni nyoka mwenye sumu kali. Ana pete nyeusi shingoni, na anaweza kuzidi mita 2. Chakula chake ni samaki. Hujificha kati ya mawe.

Nyoka huyu hatafuti ugomvi na mtu. Ukimwona majini, tulia. Mwache apite. Usimshike wala usimzibie njia. Usiingize mkono katika matundu ya mawe. Wewe mvuvi, akinaswa wavuni, usimtoe kwa mkono mtupu.

Mtu akiumwa, asitembee. Sumu ya swila inaweza kuzuia pumzi. Usimchanje, usinyonye jeraha, wala usilikaze kwa kamba. Mlaze, atulie, mpeleke hospitali mara moja. Usingoje aanze kulegea ndipo utafute mtumbwi.