Nani Aliyeipika?

Kwa miaka mitatu niliamini kwamba najua kupika bia. Nilikuwa nikiishi Leicester, Uingereza, katika nyumba ya kupanga yenye jiko dogo. Kila baada ya miezi miwili nilinunua kopo la rojo nzito ya kimea cha shayiri, iliyokwisha kutiwa uchungu kiwandani. Nililifungua, nikaimimina rojo ndooni, nikatia kilo moja ya sukari na maji ya moto, nikajaza maji baridi hadi lita 23, nikanyunyiza hamira iliyokuja pamoja na kopo. Kazi yote haikuzidi nusu saa. Siku kumi baadaye nilitia bia katika chupa.

Sheria ya nchi ile haikunizuia. Tangu mwaka 1963 mtu ana ruhusa ya kujitengenezea bia nyumbani bila leseni, mradi asiiuze. Marafiki waliinywa, wakanisifu, nami sifa zote nikazipokea bila kulibakishia kopo hata kidogo.

Siku moja nilimpigia simu mama, kule Kilimanjaro, nikamsimulia kwa majivuno. Mama alikuwa mpika mbege. Karo yangu ya sekondari ilitoka katika pipa lake. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Unaichemsha kwa muda gani, baba?"

"Haichemshwi, mama. Inatoka tayari kwenye kopo."

"Na uchungu unatia nini?"

"Umo humo humo."

Akanyamaza kidogo. "Sasa, mwanangu, nani aliyeipika?"

Hakusema kwa dharau, na ndiyo maana maneno yake yaliniuma. Usiku ule nilikumbuka ndizi mbivu zikichemka tangu alfajiri; ulezi uliolowekwa, ukaoteshwa, ukaanikwa, ukasagwa; na magome ya msesewe, yenye uchungu mkali, ambayo mama aliyapima kwa kiganja. Yote hayo niliyapita kando utoto wangu wote, kwa sababu niliambiwa ni kazi ya wanawake. Nililipiwa karo na kazi ile, lakini sikuijua.

Mwezi uliofuata sikununua kopo la kawaida. Nilinunua kilo tatu za rojo ya kimea isiyotiwa uchungu, gramu 250 za kimea cha shayiri kilichokaangwa hadi kuwa chekundu, na pakiti ya hopsi aina ya Goldings kutoka Kent. Hopsi ni maua makavu ya mmea utambaao. Ndiyo yanayoipa bia uchungu na harufu, kama msesewe kwa mbege. Sukari sikununua.

Kile kimea chekundu nilikiloweka nusu saa katika maji ya moto yasiyochemka, nikakichuja. Kisha nikamimina rojo huku moto ukiwaka. Hilo lilikuwa kosa: rojo ilizama, ikaungua chini ya sufuria. Ilipoanza kuchemka, povu lilifura likamwagika juu ya jiko. Hopsi za uchungu nilizichemsha saa nzima, na nyingine chache nikazitia mwishoni kwa ajili ya harufu. Nilipoza sufuria katika karo la maji baridi, nikaongeza maji, nikatia hamira. Haidromita ilisoma 1.040 mwanzoni na 1.010 mwishoni, kama nilivyotarajia. Lakini bia ilinuka moshi.

Hakuna rafiki aliyeomba chupa ya pili. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza nilijua ni kwa nini bia yangu ilikuwa hivyo. Ya kopo ilipoharibika, nililaumu kopo. Hii iliponuka moshi, nilimjua mwenye kosa. Safari ya pili nilizima moto kabla ya kumimina rojo, nikakoroga mpaka ikayeyuka yote, ndipo nikawasha tena. Moshi haukuonekana.

Nilipomweleza mama, alicheka. "Sasa umeanza," alisema. "Lakini kimea bado ameotesha mwingine." Ni kweli. Rojo ni kazi ya watu walioloweka shayiri, wakaiotesha, wakaikausha na kuikamua utamu wake. Nilikuwa nimepiga hatua moja tu, kutoka mlangoni hadi jikoni.

Tangu siku ile simu zetu zikawa masomo. Mama alinieleza namna ya kuotesha ulezi, siku ngapi za kuacha ndizi zilizochemshwa, na wakati wa kuchuja. Niliandika yote katika daftari. Nilipouliza kiasi cha msesewe, jibu lake lilikuwa moja: "Kiasi cha kutosha. Utajua kwa ulimi." Nilikusudia kwenda likizo, nisimame karibu naye nionje.

Mama alifariki kabla sijaenda. Daftari ninalo, na kila jambo limo isipokuwa kipimo hicho kimoja, ambacho hakikuweza kusafiri kwa simu.

Bado napika bia ya rojo ya kimea, na hopsi sasa napima kwa kiganja kabla ya kuziweka kwenye mizani. Ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu yupo mtu anayepika jambo usilolijua, usingoje likizo. Kasimame karibu na pipa lake wakati ulimi wake ungalipo wa kukusahihisha.