Bulla Pesa, Mtaa wa Watu wa Kutembeleana

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Isiolo, mwendo wa kiasi cha kilometa 285, hupita Karatina na Nanyuki, huvuka mstari wa Ikweta, kisha hupanda hata Timau penye mashamba ya ngano na upepo wa baridi ushukao kutoka Mlima Kenya. Wenye makoti huyafunga vifungo vyote. Baada ya Subuiga, mahali barabara ya Meru inapoachana na ya Isiolo, gari huanza kuteremka, na kabla ya kupita saa moja abiria wote wamekwisha kuyavua makoti hayo. Mbele yao imelala nchi pana yenye migunga na vumbi, na milima iliyosimama mmoja mmoja mbali sana. Hapo ndipo ulipo mji wa Isiolo, kati ya nchi ya jembe na nchi ya mifugo, na katika mji huo ndimo ulimo mtaa wa Bulla Pesa.

Neno "bulla" hutumiwa na watu wa kaskazini kwa maana ya mtaa au kijiji kilicho kando ya mji. Garissa, Wajir na Mandera pia zina bulla zao nyingi. Ama "pesa", kila mtu aijua. Walakini asije mgeni akadhani kwamba zimemwagwa njiani zikingoja kuokotwa. Wengi wa wakaao humo hupata riziki yao siku kwa siku: wachuuzi wa dukani na wa barazani, wauza maziwa, makarani, walimu, madereva, vijana wa bodaboda, na wenye mikokoteni ya punda wauzao maji. Nyumba ni za namna nyingi. Iko ya fito na udongo, iko ya mabati matupu, na karibu yake iko ya mawe yenye lango la chuma. Alfajiri husikika adhana, kisha kengele za punda, kisha sauti za watoto waendao duksi na wale waendao shule.

Katika utawala wa leo Bulla Pesa ni jina la kata pia, moja katika kata 7 za jimbo la uchaguzi la Isiolo Kaskazini. Kaunti nzima ilihesabiwa watu 143,294 mwaka 2009, na mwaka 2019 wakawa 268,002. Hesabu hiyo yatosha kuonyesha jinsi nyumba zinavyosongamana.

WATU WALIVYOKUTANA

Wakaao Bulla Pesa ni Waborana, Wasomali, Waturkana, Wameru, Wasamburu, Wasakuye, Wagarre na wengineo, na kila kabila lina habari yake ya kufika. Baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, Wasomali waliokuwa askari wa Waingereza walipewa mahali pa kukaa na kuchunga Isiolo. Waturkana wengi walikuja kutafuta kazi ya mikono. Waborana walisogea kutoka upande wa Wajir wakapewa malisho ya Waso, yaani nchi ya mto Ewaso Nyiro, katika miaka ya 1930. Wameru walikuwa jirani tangu zamani, nao walishuka na mazao yao na biashara zao.

Watu hawa husalimiana kwa lugha nyingi, lakini maana hukaribiana. Msomali husema "nabad", Mborana husema "nagaa", na yote mawili ni kuuliza amani. Hapana aulizaye mali wala cheo kwanza. Wakiisha kuulizana amani kila mtu kwa lugha yake, mazungumzo yenyewe huendelea kwa Kiswahili, maana bila hicho Mturkana na Mgarre wangetazamana tu.

SIKU ZA CHETI

Vijana wa leo huona kutembelea ndugu ni jambo jepesi: mtu hulipa nauli akapanda gari. Haikuwa hivyo kwa wazee wao. Sheria ya Wilaya za Nje ya 1902 ilikataza mgeni kuingia nchi ya kaskazini bila kibali, na Sheria ya Wilaya Maalum ya 1934 ikawafunga wenyeji wenyewe wasitoke katika mipaka waliyowekewa. Isiolo ilikuwa makao ya utawala wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na hapo ndipo kilipokuwa kizuizi cha barabarani. Mtu aliyetaka kwenda kumzika mjomba wake ng'ambo ya mpaka ilimpasa kwanza kusimama mbele ya afisi na kuomba cheti. Ndiyo maana watu wa kaskazini walizoea kusema, mtu akipita Isiolo kwenda kusini, kwamba "amekwenda Kenya", kana kwamba nchi yao ilikuwa nyingine.

Mwaka 1962 ilitumwa tume kuwauliza watu wa wilaya hizo kama wataka kubaki Kenya au kuungana na Somalia, na maoni yalitofautiana sana. Tarehe 28 Juni 1963, miezi michache kabla ya Uhuru, Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, aliuawa kwa risasi katika safari ya upande wa Modogashe, pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Jina la Wabera limebaki katika kata ya jirani na Bulla Pesa, na katika mtaa wa Nairobi pia. Desemba ya mwaka huo ilitangazwa hali ya hatari, ikafuata vita iitwayo ya Shifta, iliyokwisha kwa mapatano ya 1967. Katika vita hiyo watu wa Waso walikusanywa katika kambi za Garba Tula, Merti na Modogashe, mifugo yao ikapotea kwa maelfu. Aliyekuwa na ngamia akabaki na fimbo. Wengi wa waliofilisika hivyo waliukimbilia mji wa Isiolo, wakajenga vibanda penye nafasi, na hao ni miongoni mwa wazazi wa bulla zilizopo leo.

Sheria za hatari hazikufutwa hata 1991. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walichunguzwa upya na kupewa kadi za peke yao, na kwa miaka mingi baadaye kijana wa kaskazini aliyeomba kitambulisho alihojiwa kuliko mwenzake wa sehemu nyingine. Februari 2025, huko Wajir, Rais William Ruto alitangaza kwamba mahojiano hayo ya ziada yaondolewe. Asiyepata kuombwa cheti cha babu yake hawezi kufahamu upesi kwa nini tangazo hilo liliwagusa watu. Pasipo kitambulisho hapana kazi wala akaunti ya benki, na safari ya kwenda harusini Nairobi yaweza kuishia kituo cha polisi.

MGENI NYUMBANI

Kwa kuwa wazee walinyimwa kutembeleana, desturi hiyo imekuwa na thamani kubwa Bulla Pesa. Jamaa hufika kutoka Merti, Kinna, Garba Tula, Marsabit na Moyale, wala hawangoji kualikwa. Atokaye mjini kwenda malishoni huchukua sukari na majani ya chai. Atokaye malishoni kuja mjini huleta maziwa, samli, au nyirinyiri, yaani vipande vidogo vya nyama vilivyokaushwa, vikakaangwa na kuhifadhiwa katika mafuta. Mgeni wa heshima katika nyumba ya Kiborana huandaliwa buni zilizokaangwa kwa samli, na mzee huziombea baraka kabla ya mtu kuonja. Mgeni akiondoka huachiwa maneno ya kupeleka kwa kila mtu aliyebaki nyumbani, nayo huwa marefu kuliko barua.

Methali yasema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Bulla Pesa hakuna shamba la kumpeleka, lakini methali haikupotea: siku ya tatu mgeni hujikuta akifuata maji au akiwapeleka watoto shule. Na wako wageni wasiohesabiwa siku. Hao ni watoto wa ndugu walioletwa kutoka malishoni ili wasome. Karani mwenye mshahara mdogo aweza kuwa na watoto watatu wa kuzaa na wanne wa kulea, wote wakila chungu kimoja. Tangu mwisho wa 2020 mvua zilikosekana misimu 5 mfululizo, ng'ombe na mbuzi wakafa, na wachungaji wengi wakaja kukaa kwa jamaa zao mjini. Misaada ya Serikali na ya mashirika ilikuwapo, lakini kabla ya gunia la msaada kufika, mtu alikuwa amekwisha kula kwa dada yake.

Si ndugu wa damu peke yao watembeleanao. Siku ya Idd sahani hupita juu ya ua kwenda kwa jirani Mkristo. Siku ya Krismasi mwenye sherehe humwita jirani Mwislamu amchinjie mbuzi, ili asiwepo mgeni atakayekaa na njaa katika karamu. Jambo hili ni dogo kwa macho, nalo limewafaa watu kuliko hotuba nyingi.

MAZIWA YAENDAYO NAIROBI

Kazi inayostahili kusifiwa ni ya kina mama wauzao maziwa ya ngamia. Maziwa hukamwa mbali katika malisho, huletwa Isiolo katika vyombo vilivyofukizwa moshi wa kuni ili yasiharibike upesi, hupozwa, kisha hupakiwa katika mabasi ya asubuhi kwenda Eastleigh, Nairobi. Wanawake wa chama cha ushirika cha Anolei wamejulikana sana kwa biashara hiyo. Wengi walianza kwa mtungi mmoja, kila mmoja peke yake. Walipoungana wakapata mitambo ya kupozea na bei iliyo afadhali. Fedha za maziwa hulipa karo na dawa, na humkirimu mgeni. Tena kazi yenyewe husimama juu ya kuaminiana, kwa maana aliye Eastleigh hupokea maziwa leo na kutuma fedha baadaye, na kati yao hapana hakimu ila undugu.

SIASA IKIFIKA

Tangu Katiba ya 2010 Isiolo imekuwa kaunti yenye serikali yake. Magavana wake wamekuwa Godana Doyo aliyechaguliwa 2013, Mohamed Kuti 2017, na Abdi Guyo 2022. Mwaka 2017 pia wapiga kura walimchagua Fatuma Dullo kuwa seneta, naye akawa mmoja wa wanawake 3 wa kwanza nchini Kenya kuingia Seneti kwa kupigiwa kura, akachaguliwa tena 2022. Kwa nchi ambayo wengi huidhania ya wazee wanaume peke yao, hilo ni jambo la kukumbukwa.

Barabara ya lami ya kwenda Moyale, kiasi cha kilometa 500, imekwisha kujengwa. Zamani magari yalingojana ili yasindikizwe na askari. Kiwanja cha ndege kilifunguliwa 2017, na mradi mkubwa wa kutoka bandari ya Lamu, uliozinduliwa Machi 2012, umepangwa kupita hapo. Lakini neema haikuja peke yake. Ardhi iliyokuwa haina mnunuzi sasa yagombewa, na mpaka wa Isiolo na Meru una mabishano. Mzee aliyekaa katika kiwanja chake miaka 40 bila hati hulala macho wazi.

Katika hali kama hiyo mwanasiasa asiye na huruma hupata kuni kavu. Humwambia Mborana kwamba Mturkana ataka kumnyang'anya, na Mturkana naye huambiwa vivyo hivyo juu ya Mborana. Katika miaka ya 2011 na 2012 palikuwa na mapigano karibu na mji, watu wakauawa, nyumba zikachomwa, na jamaa wengi wakahama wakaenda kukaa penye kabila lao. Katika fitina za namna hiyo jambo la kwanza kukatika ni kutembeleana. Jirani aliyekuwa akija kuazima makaa haji. Mtoto wake akiugua hapana ajuaye. Na yale yasemwayo juu yake huaminiwa, kwa kuwa hayupo barazani kujibu.

Wazee wa koo wana desturi ya kukutana kabla ya uchaguzi ili wagawane vyeo kwa maafikiano. Wako wanaoisifu kwa kuwa huzuia damu, na wako wanaoilaumu, hasa vijana na watu wa makabila madogo, kwa kuwa huwafungia mlango wao. Pande zote mbili zina neno la kusikilizwa. Lakini mapatano ya wazee hayawezi kulinda mtaa ambao watu wake hawaingiliani majumbani. Askari waweza kuletwa kutoka kambi zilizo hapo Isiolo wakatuliza barabara. Hawawezi kumlazimisha mtu kumpelekea jirani sahani ya Idd.

Uchaguzi mwingine unatazamiwa Agosti 2027, na magari yenye vipaza sauti yatapita tena katika vumbi la Bulla Pesa. Wenye kuwatakia mema watu wa mtaa huo hawana haja ya kuwashauri mengi. Kizuizi cha Isiolo kilichowatenga babu zao na ndugu zao kiliwekwa na watu wengine, kwa sheria ambayo wao hawakuulizwa. Kikiwekwa kingine kati ya nyumba na nyumba, kitakuwa kimewekwa na wao wenyewe. Basi mwenye jirani mgonjwa na aende kumwangalia wiki hii, wala asingoje kwanza kujua atampigia kura nani.