Tony Rice Baada ya Sauti

Nikiulizwa nitafanya nini bila digrii, huwa nabadilisha stori: nawasimulia kuhusu Tony Rice. Mzaliwa wa Virginia, Marekani, mpiga gitaa wa bluegrass, ule muziki wa banjo na fidla ambao mashabiki wetu wa Jim Reeves hawaujui sana. Aliimba kwa sauti nzito, tulivu. Halafu 1994 koo likakataa. Misuli ilikaza, sauti ikawa mkwaruzo, kuimba kukaisha.

Mimi ningefunga duka. Yeye alibaki na gitaa, na si gitaa hivi hivi: Martin D-28 la 1935, lililokuwa la Clarence White, aliyegongwa na dereva mlevi akafa 1973. Rice alilinunua 1975 kwa dola 550. Karibu miaka ishirini akawa anapiga tu, wengine wakiimba.

Mwaka wa 2013, mjini Raleigh, North Carolina, akipewa heshima ya magwiji wa bluegrass, alianza hotuba kwa ule mkwaruzo. Kisha, kwa muda mfupi, akaongea kwa sauti yake halisi. Aisee, ile video nimeirudia mpaka bando ikaisha.