Kulisubiri Jua Tromsø

Saa sita mchana taa za barabarani zinawaka na hakuna anayezishangaa. Ni Januari, na Tromsø haijaliona jua tangu mwishoni mwa Novemba. Mji huu wa kaskazini mwa Norwei umekaa juu ya kisiwa, nyuzi 69 na dakika 39 kaskazini mwa ikweta, zaidi ya kilomita 300 ndani ya Duara la Aktiki. Mabasi yanapita, watu wanatoka maofisini kwenda kula, watoto wa chekechea wanavuka barabara wawili wawili wameshikana mikono. Anga juu yao ni ya buluu iliyoiva, na upande wa kusini, nyuma ya milima, pana mstari mwembamba wa waridi.

Anayekuja huku akitarajia giza totoro kutwa kucha hatalikuta. Hata tarehe 21 Desemba, siku jua linapokuwa chini kuliko siku zote, adhuhuri hulikuta nyuzi tatu tu chini ya upeo wa macho. Lenyewe halionekani, lakini mwanga wake unaifikia anga, theluji inaupokea na kuurudisha, na kwa muda wa saa nne na ushei mtu anatembea nje bila tochi. Ni utusitusi ule ule unaotupitia Dar es Salaam kila jioni, kati ya adhana ya magharibi na giza kuingia, ila kwetu ni dakika ishirini na kitu basi. Karibu na ikweta jua hushuka wima likazama mara moja. Huku hushuka kwa mshazari, likiambaa na upeo, na ule mwanga mdogo unarefuka hadi watu wanaufanyia kazi za mchana.

Nilifikia kwa familia ya Kikongo, watu wa Kasongo, Maniema, waliokulia Uvira kabla ya vita kuwatoa. Baada ya miaka mingi kambini walipokewa na Norwei kama wakimbizi, na sasa baba anaendesha basi, mama anasaidia wazee katika nyumba yao ya kutunzwa. Wana pacha wa kike na wa kiume, kwa hiyo mama simwiti kwa jina lingine ila Mama Mapacha.

Asubuhi ya nyumba hiyo ina utaratibu wake. Kwanza kijiko cha mafuta ya ini la samaki, kila mtoto na kijiko chake, pua zikiwa zimezibwa kwa vidole. Mwili hutengeneza vitamini D kwa msaada wa jua, na jua la hapa, hata likirudi, hukaa chini mno kwa miezi kadhaa kuweza kazi hiyo. Ngozi nyeusi nayo inahitaji jua jingi kuliko nyeupe. Mama Mapacha hana mjadala juu ya kijiko. Kisha nguo: soksi za sufu, suruali ya theluji, koti, na juu ya yote kizibao cha manjano chenye mistari ya rifleketa. Vizibao hivyo vinaning'inia kwenye msumari mlangoni, kimo cha mtoto, ili wavichukue wenyewe. Barabarani huwaoni watoto, unaona mistari minne ya fedha ikirukaruka kila gari linapopita.

"Hapa jua ni mugeni, kaka," aliniambia wakati tukiwatazama wakiteremka mtaani. "Anakuya, anakula, anarudi kwabo. Akikawia, tunamuchungulia ku dirisha."

Sababu ya yote haya inafundishwa darasani, na wengi wetu tuliikariri bila kuiona popote. Dunia inalizunguka jua ikiwa imeinama kwa nyuzi 23.4, na mwinamo huo haubadiliki njia nzima. Nusu mwaka kaskazini kunaelekea jua, nusu mwaka kunalipa kisogo. Sisi tulioko karibu na ikweta tuko kiunoni mwa dunia, na mwinamo hautugusi sana. Dar es Salaam, mchana mrefu kuliko yote, wa Desemba, una saa 12 na dakika 31. Mfupi kuliko yote, wa Juni, una saa 11 na dakika 44. Tofauti ya mwaka mzima ni dakika 47, nazo zinachukua miezi sita kuja na miezi sita kuondoka, hata mvuvi wa soko la Feri anayeamka na jua kila siku hana haja ya kuzifuatilia. Ndiyo maana tuliweza kuhesabu saa zetu kuanzia macheo na machweo bila kupata hasara: saa moja asubuhi jua limeshatoka, saa moja jioni limeshazama, Januari mpaka Desemba.

Hesabu hiyo isingedumu Tromsø hata wiki mbili. Mwisho wa Januari mchana wa huku unaongezeka kwa dakika 12 hivi kila siku inayokuja. Kwa siku nne tu unaongezeka kwa kiasi ambacho Dar inakipata kwa nusu mwaka. Watu wanazungumza habari hizi kama sisi tunavyozungumza mvua. Kwenye kituo cha basi mzee mmoja aliniambia, bila kuulizwa, kwamba mchana wa jana uliuzidi wa juzi kwa robo saa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilidhani ametia chumvi. Nilipopiga hesabu usiku, nikakuta amekosea kwa dakika chache tu.

Kwa kanuni za wanaastronomia jua la Tromsø hurudi tarehe 15 Januari, au karibu na hapo. Hata hilo ni la kukopeshwa, kwa sababu siku zile za mwanzo jua lenyewe bado liko chini ya upeo. Hewa ndiyo inayopinda miale yake na kuinua sura yake kwa zaidi ya nusu digrii. Lakini mji umezungukwa na milima, na ya kusini imekaa palepale jua linapotaka kupita. Kwa hiyo watu wa hapa hawaihesabu tarehe 15. Wao wana tarehe 21, siku wanayoiita Soldagen, Siku ya Jua. Kufikia hapo vitabu vinasema mchana una saa mbili na dakika arobaini hivi, na mtu aliyesimama mahali pazuri anaweza kuonyeshwa kipande chake.

Siku hiyo huliwa donati za jemu, ziitwazo kwa jina la jua. Foleni ya duka la mikate ilitoka nje ya mlango, watu wakipigapiga miguu chini kwa baridi. Shule nazo hutoka. Watoto hupanda mahali palipoinuka wakasubiri. Pacha walinifundisha namna ya kuila: unaanzia upande wenye tundu dogo, jemu ilikotiliwa, la sivyo itakutoka upande wa pili. Yule wa kiume aliijua kanuni vizuri na bado jemu ilimwagika kwenye kizibao chake cha manjano, akailamba kwenye rifleketa kabla mama yake hajageuka.

Jua halikuonekana. Wingu lilishuka tangu asubuhi na kukaa juu ya milima mchana kutwa. Hakuna aliyelalamika sana, kwani donati zilikuwa zimeshaliwa.

Siku chache baadaye kulipambazuka kweupe. Nilivuka daraja refu linalounganisha kisiwa na bara, nikapita mbele ya kanisa la mwaka 1965 lenye paa la pembetatu linaloonekana kutoka kila kona ya mji, nikapanda kile kibanda cha kuning'inia kwenye waya kinachofika Storsteinen, mita 421 juu ya bahari. Kilianza kazi mwaka 1961. Ndani tulibanana watalii na wenyeji, wote tumevaa kama marobota, madirisha yakifunikwa na mvuke wa pumzi zetu. Chini bahari ilikuwa nyeusi na wazi. Haigandi hapa, kwa sababu mkondo wa maji ya vuguvugu kutoka Atlantiki unapita pwani yote hii.

Huku adhuhuri ya jua hutangulia saa sita kidogo mwezi huo. Saa tano na nusu vilele vya upande wa magharibi vilikuwa vimeshashika rangi ya dhahabu, na mstari wa dhahabu ukawa unateremka polepole kwenye theluji. Kisha kati ya milima miwili ya kusini likajitokeza tone, likapanuka, likawa nusu duara jekundu unaloweza kulikazia macho bila kuumia. Halikupanda. Lilikwenda upande, kutoka kushoto kwenda kulia, likijikwaruza kwenye migongo ya milima. Mwanamke mmoja mtu mzima alivua kofia na glavu na kuligeuzia uso, macho amefumba. Nami nikafumba macho, nikasubiri joto. Hakuna kitu. Ungefumba macho usingejua kama lipo.

Nilipogeuka ndipo nikakiona kivuli changu, na nilikifuata kwa macho mpaka kikapotelea bondeni. Jua likiwa digrii moja tu juu ya upeo, mtu wa mita 1.7 kwenye ardhi tambarare anatupa kivuli cha karibu mita 97. Dar es Salaam, mwanzoni mwa Machi na tena kwenye tarehe kumi ya Oktoba, jua hupita juu ya utosi, na saa za adhuhuri mtu anakikanyaga kivuli chake chote.

Hapo ndipo palipo na tofauti yenyewe, nami naona wengi wanaitafuta pasipo. Tumezoea kusema kaskazini kumenyimwa mwanga. Ukijumlisha saa zote za mwaka ambazo jua liko juu ya upeo, Tromsø haipungukiwi na kitu. Inaizidi Dar kidogo. Kwanza kwa sababu ya ule upindaji wa hewa, ambao huku unafanya kazi muda mrefu zaidi, na pili kwa sababu dunia iko mbali zaidi na jua wakati wa kiangazi cha kaskazini na hivyo inakwenda taratibu, ikiwazidishia siku kadhaa. Kilichopungua ni nguvu. Jua la Tromsø likifika juu kabisa, adhuhuri ya tarehe 21 Juni, liko nyuzi 44. La Dar, siku ile linapokuwa chini kuliko adhuhuri zote za mwaka, bado liko nyuzi 60. Yaani jua lao lililo bora kuliko yote halijafikia adhuhuri yetu iliyo dhaifu kuliko zote. Mchana wa saa 24 wa Juni ni mwanga mwingi mwembamba.

Na huo Juni, kwa Mama Mapacha, ndio mtihani mkubwa kuliko giza. Kuanzia karibu tarehe 20 Mei hadi 22 Julai jua halizami. Linashuka mpaka nyuzi tatu juu ya upeo, upande wa kaskazini, saa saba kasoro robo usiku, halafu linaanza kupanda tena. Watoto wa jirani wanacheza mpira nje saa tano za usiku, na ukimwambia mtoto wa miaka sita akalale anakuonyesha dirisha. Mama Mapacha ameweka mapazia meusi na kuyabana pembeni kwa gundi ya karatasi. "Giza unawasha taa, inaisha," alisema. "Jua utaizima na nini?"

Kwa familia hii ya Kiislamu, swala nayo ilibidi ipatiwe njia. Mafakihi waliliona suala hili zamani, kabla hakujawa na Mwislamu wa kukaa Tromsø. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliposimulia habari za Dajali na siku moja itakayokuwa na urefu wa mwaka, masahaba walimuuliza kama swala za siku moja zitatosha, akawajibu kuwa hazitatosha, na kwamba wakadirie. Juu ya msingi huo wapo wanaofuata mji wa karibu wenye usiku na mchana unaotambulikana, na wapo wanaofuata Makka. Waislamu wa Tromsø wamefuata Makka kwa majira ambayo jua lao halitoi alama. Bila hivyo, Ramadhani za mwaka 2015 na 2016, zilizoangukia Juni na Julai, zisingekuwa na magharibi ya kufuturia.

Baba Mapacha aliyaeleza haya akiwa ameshika simu yenye nyakati za swala za Makka, anazozitumia tangu Novemba. Ramadhani ya mwaka huo, 2026, ilitarajiwa kuanza tarehe 18 au 19 Februari, na kufikia hapo jua la Tromsø lingekuwa lina macheo na machweo yake, kwa hiyo angerudi kwenye nyakati za hapa. Siku ya kwanza jua lingezama karibu na saa kumi alasiri, mchana ukiwa wa saa 8 hivi. Mfungo wa mwisho, karibu na tarehe 19 Machi, ungefika saa kumi na mbili jioni, na mchana wake ungekuwa karibu sawasawa na wa Dar, Kasongo na Makka, kwa kuwa siku hizo dunia haijainamia upande wowote wa jua na kila mahali hugawana usiku na mchana karibu nusu kwa nusu. Ratiba ya mabasi haikujua mambo hayo. Wiki ya kwanza magharibi ingemkuta kwenye usukani, ya mwisho angekuwa nyumbani, na alikuwa ameshaanza kutafuta dereva wa kubadilishana naye zamu.