Wino Mwekundu Ndani ya Kinjeketile

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba mshahara wangu una matundu, na tundu mojawapo liko pembezoni mwa barabara ya Samora, Dar es Salaam, mahali ambapo vitabu kuukuu hutandazwa juu ya turubai. Kwa miaka kumi na mitano nimekuwa nikinunua huko tamthilia za zamani zenye majalada mepesi, hasa za miaka ya sitini na sabini. Sitafuti nakala safi. Nakala safi ni ile ambayo haikumfaa mtu.

Riwaya mtu huisoma peke yake, amelala chali. Tamthilia ni kitabu cha kazi: hukunjwa kikatiwa mfukoni, huandikwa majina pembeni, hufutwa, hudondoshewa uji. Ninayo Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mwaka 1969, ambayo mwenyewe wa zamani, bila shaka mwenye duka, aliorodhesha nyuma yake madeni ya sukari na mafuta ya taa. Brutus na mikopo ya kibaba wameishi jalada moja miaka yote hiyo, wala hawajagombana.

Lakini nakala inayoninyima usingizi ni ya Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapwa na Oxford University Press mwaka 1969. Niliinunua kwa shilingi elfu tatu. Imepita mikononi mwa watu watatu.

Wa kwanza aliandika kwa penseli: jina lake, chuo cha ualimu, mwaka 1974. Kwenye orodha ya wahusika, kila mhusika amepewa mtu. Kitunda amepewa mpishi wa chuo. Mmoja wa askari ni dereva. Mbele ya Bibi Kinjeketile kuna jina lililokatwa, pembeni pameandikwa “kajifungua”, kisha jina jingine. Huo ulikuwa wakati ambapo shule, majeshi na mashirika ya umma yalikuwa na vikundi vyao vya utamaduni, na mpishi kusimama jukwaani pamoja na mwalimu hakukuwa kichekesho. Namwona mpishi yule akikariri maneno yake huku akikoroga maharage.

Wa tatu, niruke kidogo, alikuwa mwanafunzi mwenye kalamu ya bluu. Amepigia mistari kila neno linaloelekea umoja, na pembeni ameandika “dhamira kuu” na “alama 10”. Huyu simlaumu. Sisi walimu ndio tuliomfundisha kwamba mtu anaweza kufaulu tamthilia bila kuiona ikichezwa.

Wa pili ndiye shida yangu. Aliandika kwa wino mwekundu, mwandiko wa mtu wa ofisini. Kwa hesabu yangu alikuwa afisa aliyetakiwa kuandaa onyesho kwa ajili ya sherehe fulani. Wanaoijua tamthilia hii wanakumbuka kwamba Hussein hakumwandika Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905, kama shujaa wa sanamu. Kinjeketile wake anateswa na neno alilolitamka mwenyewe. Katika ujumbe aliouleta kutoka kwa Hongo mna habari kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, naye anaanza kujiuliza ikiwa wanaitwa kuondoa bwana mmoja ili wakabidhiwe kwa bwana mwingine. Moyo wa tamthilia uko hapo. Na hapo ndipo wino mwekundu ulipopita, mstari mmoja kutoka juu hadi chini ya ukurasa, na pembeni: “Iruke. Mgeni rasmi yupo.”

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 iliweka utaratibu wa kibali kabla ya mchezo kuonyeshwa hadharani. Lakini mstari ule hauna mhuri wala sahihi ya bodi yoyote. Ni mtu mmoja na kalamu yake, usiku pengine, akimkadiria mkubwa atakunja uso wapi.

Kwa muda mrefu nilimdharau. Niliwaonyesha wanafunzi ukurasa ule kama mfano wa woga wa watumishi, wakacheka, nami nikacheka.

Kisha, miaka michache iliyopita, wanafunzi wangu walitunga igizo fupi kwa ajili ya hafla ya chuo. Katika onyesho la tatu mama mjamzito anafika zahanati, anaambiwa akanunue glovu na wembe, na anaporudi anakuta wahudumu wote wako uwanjani wakifanya mazoezi ya wimbo wa kumpokea kiongozi. Mgeni rasmi wetu alikuwa mtu mzito serikalini. Nilichukua kalamu ya kijani, nikalikata onyesho zima, nikasema muda hautoshi. Muda ulitosha, hotuba ya mgeni rasmi peke yake ilichukua saa moja na nusu.

Binti aliyeliandika hakubishana. Aliniuliza tu, “Dokta, kuna aliyekukataza?” Nikamjibu kwamba mtu mzima hasubiri kukatazwa. Jibu hilo lilinipendeza kwa siku mbili hivi.

Sasa ni mtumishi wa halmashauri, wilaya ya mbali. Mwezi uliopita alipita ofisini kunisalimu, nikamwonyesha ile Kinjeketile. Aliuangalia ukurasa mwekundu kwa kitambo, asicheke. Nikamuuliza kama lile igizo lake bado lipo.

“Ninayo nakala, Dokta. Ile ile yenye mistari yako.”

Nilimwomba anipe niiweke pamoja na hizi nyingine. Alikataa kwa adabu, akamalizia chai yake, akaniaga kwa kuwa basi lake lilikuwa la saa nane.