Bunduki ya Baba na Kanga wa Nzilo

Bunduki za Liège hazifi upesi. Hushika kutu, kitako kikapasuka, springi zikalegea, lakini chuma chenyewe hungoja. Hii ya marehemu baba ilingoja juu ya dari, ndani ya gunia, hata tulipokaa baada ya matanga kugawana vitu vyake. Wadogo zangu walichukua redio, cherehani na baiskeli. Bunduki wakaniachia mimi mkubwa bila mabishano. Hakuna aliyetaka kuja kuulizwa na askari.

Ni kalibre 12, mitutu miwili iliyolazwa ubavu kwa ubavu, na nyundo mbili za nje zinazovutwa kwa kidole gumba. Ukiifungua na kuipindua, chini ya mitutu unaona alama ndogo ya umbo la yai, ndani yake herufi ELG, juu yake taji. Huo ndio muhuri wa majaribio wa Liège, mji wa Ubelgiji: mtutu ulipigwa kwanza kwa baruti nyingi kuliko ya kawaida, na usipopasuka ndipo ukatiwa alama na kuuzwa. Baba aliinunua kwa Mbelgiji mmoja aliyekuwa akifunga virago. Bei hakuitaja kamwe, na mama alikuwa na maoni yake juu ya jambo hilo.

Niliipeleka Musonoi, hapa Kolwezi, kwa mzee ambaye zamani alichonga vyuma katika karakana za Gécamines, kampuni ya serikali ya madini. Mwaka 1986 kampuni hiyo ilitoa tani zipatazo 476,000 za shaba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 haikufikisha hata 30,000. Mzee ni mmoja wa wale zaidi ya 10,000 walioondoka kazini mwaka 2003 na 2004. Mikono iliyofunzwa kukadiria chuma kwa vipande vya milimita ikabaki kutengeneza majiko ya makala na kunyoosha rimu za baiskeli. Alipoiona bunduki hakusema neno. Alinawa kwanza.

Hakuanza na kutu, kama nilivyotarajia. Aliitenga mitutu na kitako, akaifunga waya, akaining'iniza kwenye tawi la mwembe, kisha akaigonga taratibu kwa mpini wa patasi. Ikalia, tena mlio mrefu, mpaka watoto waliokuwa wakicheza jirani wakageuka kutazama. "Sikia, mwanangu," akasema. "Lehemu bado imeshika." Mitutu miwili huunganishwa kwa ufito mwembamba wa chuma uliolehemiwa toka mwanzo hadi mwisho. Lehemu ikiachia mahali pamoja tu, maji huingia, kutu inakula ndani kwa ndani, na mlio unakuwa mfupi, mkavu. Wetu haukuwa mkavu.

Kisha akachukua kaliper, akapima chumba cha risasi. Akapangusa, akapima tena. Milimita 65. Risasi nyingi zinazouzwa siku hizi ni za milimita 70, na ubaya wake ni kwamba zinaingia bila kukwama. Ganda likishafyatuliwa, mdomo wake unakosa nafasi ya kukunjuka, unabana njia ya marisau, na nguvu ya baruti inageuka kutafuta pengine pa kutokea. Pengine penyewe ni karibu na uso wa mpigaji.

"Baba yako alilijua hili," mzee akasema. "Uliwahi kumwona akiazima risasi ya mtu?"

Sikuwahi. Wenzake walimtania kwa hilo, na nyumbani tulilihesabu kuwa ni majivuno yake tu. Kumbe miaka yote ile alikuwa akiihofia mikono yake na macho yake, wala hakuona haja ya kujieleza. Mtu anaweza kuzikwa na bado ukaendelea kumfahamu, habari moja leo, nyingine mwaka kesho, na kila inapokuja unakuta mwenye kuulizwa zaidi hayupo.

Kitako cha zamani kilikuwa kimepasuka shingoni, pale mkono unaposhika. Gundi isingefaa. Mzee alikuwa na kipande cha mukula, mti mwekundu wa miombo, ambacho mtu alimletea kwa kubadilishana na kazi nyingine. Niliuona ukichongwa. Unga wake ni mwekundu kweli, unaingia katika mistari ya viganja na hautoki kwa sabuni siku hiyo hiyo. Katika miaka ya 2010 mukula wa Katanga ulikatwa kwa pupa na kupakiwa kwenye malori kwenda Zambia na mbele zaidi, hadi China, ambako hutengenezwa samani. Watu wa vijijini walilipwa kidogo, magogo yakaondoka, barabara walizozifungua wenye malori zikabaki kwa wakata makala. Kwa hiyo bunduki ya baba sasa imeshikwa na mti ambao yeye aliupita kila siku bila kuugusa, ukiwa umesimama.

Nyuma ya kitako, pa kuegemea bega, mzee aliweka mpira uliokatwa kutoka mkanda uliochakaa, mmoja wa ile inayobeba mawe migodini. Unapunguza teke vizuri kabisa. Shanga la kulengea, lile la mbele mtutuni, lilikuwa limepotea zamani. Akakata kipande cha waya wa umeme, akakiyeyusha mpaka kikawa tone, akalisugua, akalipachika. Shaba ya Katanga. Asubuhi jua likilipiga linang'aa jekundu, jicho linalifuata lenyewe. Hii sehemu ndiyo pekee ambayo baba hakuwa nayo, nami nadhani angeipenda kuliko zote.

Wala si mara ya kwanza kwa shaba ya hapa kukutana na bunduki ya mbali. Bunkeya, ambayo leo iko ndani ya mkoa wetu wa Lualaba, ilijengwa na Msiri, mtu aliyetoka Unyamwezi katikati ya karne ya 19. Watu wake walivuta shaba kuwa nyuzi za bangili, wakauza pia pembe za ndovu na watumwa, na katika biashara hiyo walipata bunduki na baruti, kutoka pwani ya mashariki na kutoka upande wa Angola. Bunduki hizo zilimpa ufalme. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa kwa bunduki, na watu wa msafara wa Kapteni Stairs uliotumwa na Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Ndovu nao walilipa sehemu yao. Ukitaka kuona ndovu katika nchi hii ya kusini leo, nenda hifadhi ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939. Huko huko ndiko walikobaki punda milia wa mwisho wa Kongo.

Kwingine hesabu ya bunduki na wanyama ilikwenda kinyume. Huko Marekani wapo watu wanaozifufua bunduki kama hizi kwa ajili ya bata mzinga wa mwituni. Wanafupisha mtutu, wanabana mdomo wake ili marisau yaende yameshikamana hadi kichwani mwa ndege, wanapaka rangi za majani makavu. Bata mzinga huyo mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa karibu kwisha. Mwaka 1937 ikapitishwa sheria kwamba kodi inayotozwa kwenye bunduki na risasi itumike kuwarudisha wanyama wa pori, na watu wakaanza kuwakamata bata mzinga mahali walipobaki na kuwahamishia walikotoweka. Leo wanahesabiwa kwa mamilioni. Yaani kule bunduki ililipa deni lake kwa ndege, kwa fedha taslimu. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na kila mara linaniachia wivu.

Sisi ndege wetu ni kanga. Baba aliwafuata upande wa Nzilo, kwenye ziwa la bwawa la umeme, baada ya mavuno, wakati wanaposhuka mashambani kuokota punje zilizodondoka. Aliondoka usiku, akafika kabla ya alfajiri, akakaa chini ya upepo. Kanga ana macho makali na kelele nyingi; akikuona mmoja, kundi lote limekuona. Jioni hupanda mitini kulala, na hapo mtoto wa shule anaweza kuwapiga. Baba alikataa. "Aliyekwenda kulala ameshamaliza siku yake," alikuwa akisema, na mimi, nikiwa na njaa, niliona ni falsafa ya mtu aliyekula mchana. Alirudi na wawili, watatu, siku nyingine mikono mitupu na uyoga ndani ya kofia. Mama aliwapika kwa karanga, tukala kwa bukari, ugali wetu.

Mei 1978, katika ile tunayoiita vita ya siku sita, bunduki ilifukiwa chini ya migomba. Waasi waliingia Kolwezi tarehe 13. Tarehe 19 wanajeshi wa Kifaransa wakashuka kwa miavuli. Siku zile mtu aliuawa kwa kuonekana tu na kitu kirefu mkononi. Madoa yaliyomo ndani ya mtutu wa kushoto, ambayo mzee wa Musonoi alisema hayatoki mpaka mtutu uwe mwembamba kupita kiasi, nadhani ni ya udongo ule. Nilimwambia ayaache.

Nimekwenda Nzilo na bunduki ikiwa imekamilika, bila risasi. Sehemu ya njia ya baba sasa ni uzio wa kampuni, na mlinzi kijana, mpole sana, aliyenieleza kwamba hapo hapapitiki. Nilizunguka. Upande wa pili miombo imekatwa hadi visiki, na matanuri ya makala yalikuwa yakifuka, kwa sababu mji unaochimba kobalti ya magari ya umeme unapika kwa makala. Siwalaumu wakataji, wengine ni wana wa wafanyakazi wale wale wa 2003. Nilikaa mpaka jua likapanda. Kwale mmoja alilia mbali. Kanga sikusikia.

Bunduki ilipokuwa mbovu, ubovu wake ulificha mengi. Mtu aliweza kusema: siku ikitengenezwa, nitakwenda. Sasa nyundo zinavutika kwa ulaini, mitutu inafunga kwa mlio mmoja, shanga la shaba linawaka, na hakuna pa kwenda. Nimeomboleza vitu viwili kwa gharama ya kimoja, na hiki cha pili hakina kaburi la kupalilia.

Karatasi za silaha nimepeleka zibadilishwe jina, kama amri-sheria ya 3 Septemba 1985 inavyotaka. Ofisini wakaniuliza kama naomba na kibali cha kuwinda, kile cha sheria ya 28 Mei 1982. Nikajibu hapana.

Nawe uliyeachiwa bunduki ya Liège, usiazime risasi ya jirani kabla hujapata mwenye kaliper akakupimia. Na umtafute mapema. Wazee wa karakana waliobaki Kolwezi si wengi.